Fasigani, Neno la Mama Kapinga

Katika mtaa wa Kenya, pale Lubumbashi ambayo makaratasi ya serikali ya siku zile yaliiita Elisabethville, alikuwako mwanamke wa Kikasai aliyeuza munkoyo mbele ya mlango wake. Jina lake Kapinga. Mume wake alikuwa fundi wa reli. Alifariki kabla ya uhuru, akamwachia nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na binti mmoja, Clotilde, ambaye wakati wa habari hii alikuwa ameshaolewa huko Jadotville.

Munkoyo si kinywaji cha Kasai. Ni uji mwepesi wa mahindi unaotiwa mizizi iliyopondwa, ukakaa mpaka upate utamu na ukali kidogo. Kapinga alifundishwa kuupika na jirani yake wa zamani, mama Chileshe, Mubemba aliyekuja kuhama baadaye. Wanywaji walisema mwanafunzi amempita mwalimu. Lakini ukweli ni kwamba hawakuja kwa munkoyo peke yake. Walikuja kwa ajili ya mdomo wa Kapinga.

Mwanamke huyu alikuwa na kipaji cha kulitazama jina la mtu, akaligeuza kidogo tu, na mtu mzima akatokea ndani yake. Zéphirin, kapera aliyepita kwa jirani saa ambayo chakula kinapakuliwa, alimwita Sufurini. Mtaa mzima ukaanza kusema "leo sina kitu nyumbani, ninaenda kusufuri," yaani kupita mahali ambapo sufuria imeshuka motoni. Désiré, karani aliyekuja kila siku saa ile ile na kukaa juu ya jiwe lile lile, akawa Desturi. Martine muuza samaki hakunywa kikombe kimoja akaridhika, basi naye akaitwa Mara-tena. Jeannot, aliyekuja na habari ambazo kila mtu alikuwa amezisikia tayari, akawa Jana-huo, yaani umbea huo ni wa jana.

Hata askari wageni wa kofia za bluu waliokuja baadaye, wale wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, hawakupona. Walipofika mtaani na jeep yao walisimama mbele ya ndoo ya Kapinga, wakaichungulia, wakaulizana kwa lugha zao, wakaondoka bila kuonja.

"ONU maana yake ni Ona-tu," Kapinga akasema. "Banaona tu, habanunui."

Watu walicheka mpaka Djuma, fundi wa nguo wa nyumba ya pili, akasimamisha cherehani yake ili asijishone kidole. Djuma na mke wake Mwajuma walikuwa watu wa Maniema, Waislamu, na Mwajuma alikuwa rafiki wa Kapinga kupita ndugu wa tumbo moja. Alimwita yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa pale.

Siku moja, bado kabla ya mambo kuharibika, alikuja kijana wa njia ya nyuma aliyeitwa Kunda. Alikuwa anajifunza useremala. Mrefu, mwembamba, mpole. Alikunywa kikombe chake, akangoja wengine wamalize kutaniwa, halafu akauliza mwenyewe:

"Na miye, mama? Jina yangu iko na maana gani?"

Kapinga akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Weye? Weye ni Kunde. Tena haina kunde yenyewe. Ni ile mti banasimamisha kunde ipate kupanda."

Si kunde, ni kijiti chake: kicheko kikapanda kama moshi wa majani mabichi. Kunda naye alicheka. Jinsi alivyocheka, hakuna aliyeitazama. Kesho yake watoto walimwita Kunde njiani, na kesho kutwa watu wazima wakafuata, na jina likamganda.

Mwaka wa sitini, mwezi wa saba, Katanga ikatangazwa kuwa nchi ya peke yake. Kukawa na bendera mpya, na wimbo mpya. Mwanzoni Kapinga hakuona tofauti kubwa. Mahindi yalikuwa yale yale, kiu ile ile. Lakini pole pole watu wakaanza kuulizana maswali ambayo zamani hayakuwa na uzito. Wakasai, waliokuwa wamekuja Katanga tangu enzi za baba zao kwa kazi za reli na za ofisi, wakaanza kutazamwa kama wageni waliokaa mezani kupita kiasi. Mwaka uliofuata vijana wa chama kilichotawala, wenye vitambaa vilivyofungwa mkononi, waliweka vizuizi kwenye njia za kuingia mitaani. Mtu akifika waliuliza, "Unatoka fasi gani?" Fasi ni mahali. Ila hawakuwa wanauliza umetoka sokoni au kanisani. Walitaka kujua babu yako alizikwa wapi.

Asubuhi moja Désiré Desturi alichelewa. Akafika akitoa jasho, shati limechanika begani.

"Balinisimamisha," akasema. "Fasi gani, fasi gani, mpaka kichwa kinauma."

Kapinga akamimina kikombe, akampa. "Kumbe bafasigani beko pa njia ya Katuba leo," akasema.

Hakupanga kutunga neno. Lilitoka lenyewe kama mate. Lakini waliokuwa pale walilichukua, wakalipeleka. Ndani ya muda mfupi mtu aliyepita haraka alisema tu, bila kusimama, "Bafasigani ku pompi," yaani wako kwenye bomba la maji, na wenye sababu ya kuogopa walizunguka njia nyingine. Mama mmoja akiwaita watoto wake alikuwa anasema, "Rudini, fasigani anakuja," na watoto wakakimbia ndani. Neno lilikuwa jepesi, lina kicheko ndani yake, na liliokoa watu. Kapinga aliliona likirudi kwake kutoka midomo ya watu asiowajua, akafurahi kama mtu anayemkuta kuku wake aliyepotea ana vifaranga.

Mwajuma ndiye aliyeona mbali. "Yaya," alimwambia wakichambua mchele, "ile neno bale vijana banalisikia pia. Habana masikio ya mawe."

"Nani atajua ni langu?"

"Majina yote ya hapa ni yako. Nani hatajua?"

Mwezi wa nane, mwaka wa sitini na moja, Kapinga na Mwajuma walikwenda ukingoni mwa mji kununua mizizi ya munkoyo kwa wamama waliotoka Kasungami na vikapu vyao. Waliporudi, njia waliyoizoea ilikuwa na gogo katikati, na vijana sita au saba juu yake. Aliyesimama mbele, kitambaa mkononi na fimbo ya mti mkavu, alikuwa Kunda.

"Mama, unatoka fasi gani?" akauliza, kama vile hajawahi kunywa kikombe mlangoni kwake.

"Natoka kununua mizizi," Kapinga akajibu, akainua kikapu.

"Haina mizizi ya munkoyo njo nauliza. Mizizi yako weye iko fasi gani?"

Vijana wakacheka. Kapinga akaona kwamba kijana yule ana akili ya maneno. Wakati mwingine wowote angempongeza.

"Kunda, unanijua."

"Jina?"

"Unalijua."

"Sema, bantu basikie."

"Kapinga."

Kunda akawageukia wenzake. "Munasikia? Anaitwa Kapinga. Siye tunapata inchi, yeye anapinga. Tunapandisha bendera, yeye anapinga. Mama, unapinga nini?"

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, na Kapinga alikifahamu. Ni kile kile alichokuwa akikitoa kila asubuhi mbele ya mlango wake, kile cha watu wengi wakimtazama mtu mmoja. Alifungua mdomo ajibu, maana hakuwahi kukosa jibu tangu alipokuwa msichana. Hakukuwa na kitu.

Mwajuma akasogea mbele. "Wee Kunda! Ile jina ni ya nkambo yake, mama ya baba yake. Nani anachagula jina? Weye ulichagula lako?"

"Mama Mwajuma, weye pita. Kwenu haina Kasai." Sauti ya Kunda ilikuwa ya adabu kabisa. "Ni yeye njo naongea naye. Na ile neno, fasigani, nani aliileta? Tunakamata watoto wa miaka mine banatuita fasigani. Nani?"

Mwajuma alianza kusema kwamba neno ni la watu wote, halina mwenyewe. Kapinga akamshika mkono.

"Ni miye," akasema.

Baadaye, Mwajuma alimuuliza mara nyingi kwa nini alikubali, wakati kukana kulikuwa rahisi. Kapinga alijibu kwamba wangeenda kumtafuta mwingine, Désiré au Martine, na hao hawakuwa wamefanya lolote isipokuwa kucheka.

Kunda akamsogelea. Akachukua kikapu, akakipindua, mizizi ikamwagika mavumbini. Hakumpiga. Wenzake walitaka, mmoja akainua fimbo, Kunda akamzuia kwa kiwiko.

"Hapa haina fasi yako," akamwambia Kapinga. "Tukikukuta kesho, hatutacheka."

Kapinga hakungoja kesho. Mchana ule ule, wakiwa wamefika nyumbani, walisikia kelele upande wa nyumba ya Zéphirin, naye Mkasai, na walipochungulia waliona vitu vyake vikirushwa nje: kitanda, redio, sufuria. Zéphirin mwenyewe alikuwa ameshakimbia. Kapinga alifunga godoro, blanketi mbili, nguo zake na picha ya mumewe. Djuma akavipakia juu ya baiskeli yake, akaisukuma kando ya Kapinga njia nzima mpaka nje ya mji, mahali ambapo Wakasai walikuwa wanakusanyika nyuma ya askari wa kofia za bluu. Njiani Djuma, ambaye si msemaji, alisema jambo moja tu: "Mwajuma atakuletea unga ijumaa." Na ijumaa Mwajuma alileta, na ijumaa nyingine nyingi.

Kambi ile haikuwa kambi mwanzoni. Ilikuwa uwanja wa majani na watu. Kila siku wengine walifika, familia kwa familia, wakajenga kwa walichopata: magunia, vipande vya bati, matawi ya mikalitusi, maboksi. Miti ikaisha. Maji yalitoka kwenye tangi la gari, na foleni yake ilianza alfajiri, kabla ndoo hazijaonekana vizuri. Watoto walikufa kwa surua. Usiku, na mchana pia, kulikuwa na ugomvi na visu, kwa sababu watu waliofukuzwa hawawi wema kwa kuwa wamefukuzwa. Kapinga alipata nafasi ya kulala kati ya familia mbili za mtaa wa Katuba, chini ya turubai. Askari wa Ona-tu walikuwa wakigawa unga na maziwa ya poda, na Kapinga hakumwambia mtu yeyote pale jina alilokuwa amewapa.

Kwa kweli hakusema mengi. Watu wa mtaa wa Kenya waliomjua walimwomba, "Mama, tupatie jina ya hii fasi, tucheke kidogo." Alitikisa kichwa. Si kwamba alikasirika. Kila alipotaka kuligeuza jina la mtu, alimwona Kunda akiligeuza lake, na vijana juu ya gogo.

Aliyemfungua kinywa ni mtu mmoja wa Katuba, Clément, mzee kidogo, mwenye kujua kila kitu. Jioni moja walikuwa wamekaa kungoja maharagwe yaive, na kijana mmoja akasema "bafasigani" katika maneno yake. Mke wa jirani akauliza neno hilo limetoka wapi.

"Ah, ile?" Clément akasema. "Ile ni jina ya officier moja, mukubwa wa askari, Mutaliani. Fazigani. Njo yeye alifundisha bale vijana kuweka vizuizi. Alikuwa mukali! Bantu balianza kuita kila moja Fazigani."

Kapinga akainua uso. "Weye ulimuona?"

"Na macho yangu mbili."

"Alikuwa murefu?"

"Murefu sana. Na ndevu nyekundu."

"Ndevu nyekundu," Kapinga akarudia. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mke wa jirani akampigapiga mgongoni, mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka hayakuwa ya kicheko peke yake. Clément aliudhika, akidhani hasadikiwi. Kapinga akamshika bega, akamwambia kama anayemwita baba yake, "Nakusadiki, tata. Endelea. Yule Fazigani aliisha namna gani?" Na Clément akaeleza, na kilichompata Mtaliano yule kilikuwa kizuri sana, na Kapinga hakumkatiza hata mara moja.

Mwaka wa sitini na mbili treni zilianza kuwarudisha watu Kasai. Wengi walipanda. Kapinga alikwenda mpaka foleni ya kuandikisha, akasimama, akafikiri. Kasai aliondoka mgongoni mwa mama yake. Hakumjua mtu hata mmoja huko, na kaburi la mume wake lilikuwa hapa. Jadotville nako kwa binti yake njia ilikuwa ya wasiwasi. Alikuwa bado anafikiri Djuma alipotokea na baiskeli ile ile.

"Mwajuma anaamba urudi," akasema. "Chumba ya nyuma nimeitosha vitambaa, iko wazi."

Kwa hiyo alirudi mtaa wa Kenya, akaingia kwa siri katika chumba cha fundi, akitoka kidogo. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na watu wengine, baba na mama na watoto watano waliopewa na mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kuitoa. Alipita mbele yake mara moja, akaona wamepaka mlango rangi ya kijani. Hakupita tena.

Mwezi wa kwanza wa sitini na tatu askari wa kofia za bluu waliingia mji wote, na Katanga ya peke yake ikaisha. Magogo yakaondolewa njiani, vitambaa vikafichwa au vikachomwa. Kapinga akaanza tena kupika munkoyo, safari hii akiuzia sokoni. Na sokoni ndipo alipomkuta Kunda, akibeba magunia ya mahindi kutoka kwenye kamyo, yaani lori. Alikuwa amezidi wembamba. Alimwona, akatua gunia.

"Mama Kapinga."

Kapinga alimwambia Mwajuma baadaye kwamba miguu ilitaka kuondoka, mwili ukakataa.

"Nasikia," akasema.

Kunda alifuta jasho. Ilionekana alikuwa amelibeba neno lake kwa muda mrefu kuliko gunia. "Nilitaka kuoa," akasema. "Mado, mutoto ya mzee Bwalya. Siku tulipeleka posa, mzee aliuliza jina yangu. Nikasema Kunda. Akacheka. Akaamba, Kunde ni mboga, haina muntu, siwezi kutoa mutoto wangu kwa mboga. Mado alikuwa mu mlango. Naye alicheka."

Kapinga akafunika ndoo yake.

"Kunda ni nkambo yangu. Alikufa wakati banajenga njia ya reli, baba yangu akiwa mu tumbo. Hata kaburi haina. Jina njo kitu aliacha. Nilikuja kwako kukueleza ile, siku ile. Nilidhani utaniuliza."

"Sikukuuliza," Kapinga akasema.

"Haukuniuliza."

Wapagazi wengine walikuwa wanampigia Kunda kelele aendelee na kazi. Hakuwageukia.

"Sasa sikia na weye," Kapinga akasema, na sauti yake haikupanda. "Miye nilikucheka. Weye ulinifukuza, ulinitosha mu nyumba ya bwana yangu. Nililala mu mavumbi, watoto banakufa kushoto na kuume. Ile mambo mbili, usiiweke ku mizani moja."

"Siiweki."

"Muzuri."

"Ile nyumba," Kunda akasema, "bale bantu nabajua. Naweza kubaambia batoke."

"Hapana. Beko na watoto tano. Nitaenda kwa tribinali, hakimu aamue, kama bantu wengine banaenda."

Kunda akainamisha kichwa. Hawakupeana mikono. Aliinua gunia, akalitia begani, akaenda, na baada ya wiki chache akasikika amepata kazi Kipushi. Kapinga hakumwona tena.

Mwajuma, aliposimuliwa, alikasirika kuliko mwenye habari. "Ungemutemea mate! Anaharibu maisha ya muntu kwa sababu ya kunde!"

"Haikuwa sababu ya kunde. Bale vijana balikuwa balishatumwa. Kunde ilimupatia tu furaha ya kuifanya."

Mwajuma alifikiri. "Ata vile, ungemutemea," akasema.

Wateja wa zamani waliobaki mjini walianza kurudi, sasa kwenye meza ya sokoni. Walitaka majina. Kapinga aliwapa, kwa sababu kipaji si kilemba ukivue, lakini alianza na swali: nani alikupa hili jina, na kwa nini? Mtu akaeleza. Maelezo yakazaa mengine, ya babu aliyepotea porini, ya dada aliyezaliwa pacha na kufa, mpaka munkoyo ukapata joto na kuharibika. Baadhi ya wateja walichoka. "Mama, umekuwa polisi ya majina," Désiré akalalamika, na wengine walihamia kwa mwanamke mwingine aliyeuza pombe ya mahindi na kusema matusi waziwazi. Kapinga hakuwafuata.

Kesi ya nyumba ilikokota. Alikuwa ameitwa mara mbili mbele ya hakimu wakati habari ilipofika kutoka Jadotville kwamba Clotilde amejifungua na haamki kitandani. Kapinga alimwachia Djuma habari za kesi, akafunga mzigo. Mwajuma alimsindikiza stesheni, akibeba kikapu cha chakula cha njiani: kuku, wali, mayai ya kuchemsha, kana kwamba Jadotville ilikuwa mwisho wa dunia.

"Mwezi moja," Kapinga akasema.

"Mwezi moja," Mwajuma akaitikia, bila kusadiki.

Clotilde alipona, ila taratibu, na alikuwa na watoto wengine wawili wadogo. Mwezi ukawa msimu wa mvua nzima, msimu ukawa mwaka. Hakimu aliamua mambo ya nyumba kwa faida ya Kapinga. Djuma akaipangisha kwa niaba yake, akampelekea habari kwa kila msafiri aliyepita. Kapinga alizeeka Jadotville, akiuza munkoyo karibu na shule, na kila mara Mwajuma alipokwenda kumtembelea waligombana stesheni juu ya nani abebe mzigo.